Naacha feri ipite nisikutane na wifi yangu: nifanyeje?

SWALI: Salaam aleikum, Mama. Nina miaka 31, naishi Likoni, na ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa. Tuko wanne ofisini. Mmoja ni binamu wa mume wangu, kwa hiyo ni wifi yangu, na yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii. Tangu mwaka jana ananiletea makaratasi ya wateja saa kumi jioni, na entri, yaani taarifa za mzigo kwa forodha, zinatakiwa ziingie siku hiyo hiyo. Nabaki hadi magharibi. Zikichelewa, bosi ananiuliza mimi. Sijawahi kumwambia kitu, nimenyamaza kwa heshima ya mume wangu. Wiki tatu zilizopita nilichoka, nikaweka kwenye status ya WhatsApp picha ya leso yenye jina la fumbo. Naye akaweka yake. Sasa hatusalimiani. Asubuhi nikimwona kwenye foleni ya feri narudi nyuma, nangoja inayofuata. Mwezi ujao ni harusi ya shemeji yangu na sote wawili ni wenyeji. Mimi si mtu wa ugomvi, Mama. Nataka kuuepuka tu. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye feri. Naijua ile foleni ya asubuhi. Watu wamebanana bandani wakisubiri lango, huyu ana simu, yule amemshika mtoto mkono, halafu lango likifunguka wote wanateremka kwa kasi. Katika umati ule wewe unamtambua mtu mmoja kwa mtandio wake, unarudi nyuma, unaiacha feri iondoke, unafika kazini umechelewa na moyo unakudunda. Ugomvi unaotaka kuuepuka ushaingia ndani, mwanangu. Unayemkwepa sasa ni mtu. Kumkwepa mtu kunachosha kuliko kugombana naye, kwa sababu mwenye kugombana humaliza, na mwenye kukwepa huanza upya kila asubuhi.

Nimefanya kazi katika ofisi za wafanyakazi hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20, mahotelini na kwenye magodauni, na sasa kazi yangu ni kusuluhisha. Kesi zilizonifikia zikiwa na makelele zilikuwa chache, na nyingi ya hizo ziliisha kwa haraka. Zilizonikosesha usingizi zililetwa na watu waliofungua mazungumzo kwa maneno hayo hayo yako: "Mimi si mtu wa ugomvi."

Nikupe mfano mmoja. Godauni moja Shimanzi, wanaume wawili wazima, mmoja mtunza stoo, mwenzake dereva wa foklifti. Miezi minane hawakusemeshana. Nilipofika mara ya kwanza niliwakuta wamesimama hatua nne tu wakitazamana, na katikati yao kijana mmoja, kibarua. Mtunza stoo anasema, "Mwambie ashushe ile ya chini." Kijana anageuka, "Anasema ushushe ile ya chini." Dereva, ambaye amesikia vizuri sana, anajibu, "Mwambie haitatoka mpaka ya juu iondolewe." Kijana anageuka tena. Siku nzima hivyo, kila siku, na mshahara unalipwa. Kila niliyemuuliza kisa aliniambia hawa hawana ugomvi, hawajawahi hata kutukanana.

Niliwaweka chumba kimoja, nikafunga mlango, nikaagiza kahawa na tangawizi, nikakaa kimya. Ilichukua karibu saa nzima. Mwisho dereva akasema kwamba mama yake alipofariki, mwenzake hakufika matangani wala hakutoa pole. Mtunza stoo akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Alikuwa ametuma mchango kwa mkono wa mtu mwingine, siku ile yeye mwenyewe akiwa amelazwa na mtoto hospitalini, na yule mtu akaziingiza zile pesa kwenye mchango wa jumla bila kutaja jina. "Mbona hukuniuliza?" akamwambia. Dereva akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Ningekuulizaje jambo kama lile?"

Hapo ndipo palipo na shida yetu watu wa Pwani, na nasema hivi kwa mapenzi kwa sababu ndiko nilikozaliwa na ndiko nilikolelewa. Tuna haya. Haya ni pambo, sitaki mtu yeyote aiache. Lakini tumeifanya haya itumikie kazi isiyo yake, mpaka kumuuliza mtu swali la kawaida tunaona ni kumvunjia heshima, na kumnunia miezi minane tunaona ni stara. Utasikia mtu akikwambia funika kombe mwanaharamu apite. Sawa, lakini hebu isikilize vizuri methali hiyo. Unafunika *mpaka apite*. Akishapita, wenye nyumba mnafunua, mnatazama kilichomo. Wewe umefunika tangu mwaka jana, na kilichomo kimeanza kunuka.

Sisemi kwamba kila jambo lisemwe. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, walitengeneza kipimo cha namna tano ambazo mtu hulikabili jambo la kutofautiana: kushindana, kukubali yaishe, kugawana hasara, kutafuta pamoja njia ya kuwafaa wote, na kuepuka. Hawakuiita kuepuka dhambi. Ina mahali pake. Mwenzako akikujibu vibaya siku moja kwa sababu hakulala, liache lipite. Ukiwa umewaka hasira, ondoka, rudi kesho. Abiria wa matatu akikukanyaga mguu Mwembe Tayari asikutake radhi, huna haja ya kumfundisha adabu. Mambo ya mara moja na watu wa mara moja, yaepuke kwa moyo safi wala usijione mwoga. Lakini jambo linalorudi kila wiki, na mtu utakayekula naye sahani moja harusini mwezi ujao, hayo mawili yakikutana kuepuka hakukusaidii tena.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa kuumia. Nikiwa na miaka 29 nilikuwa hoteli moja ya pwani ya kaskazini, na msimamizi wangu alinipanga zamu siku za Idd mwaka mzima, Idd zote mbili, na Maulidi juu yake. Sikusema. Nilijiambia subira ina malipo. Halafu asubuhi moja akanirudisha jikoni kwa ajili ya kijiko kilichokuwa na doa, nikalipuka mbele ya wageni. Nilimwambia yote ya mwaka mzima, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilikuwa na haki katika kila neno. Lakini hakuna aliyekumbuka zamu za Idd baada ya pale. Kilichobaki midomoni mwa watu ni yule msichana aliyepiga kelele kwa ajili ya kijiko, na barua ya onyo iliandikwa kwa kelele zile. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliusikia mshindo huo ukitoka kifuani mwangu. Status yako ya wiki tatu zilizopita, mwanangu, ndiyo kijiko chako.

Sasa tuizungumze hiyo status, maana hapa nina maneno mengi.

Fumbo ni ufundi wetu wa zamani, na Mombasa ni mji wake. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, alirushiana tungo na mahasimu wa Mvita, na hadi leo watu hukaa kuyafumbua maneno yake. Bibi zetu wa vyama vya lelemama walijibizana kwa nyimbo, mtaa kwa mtaa. Leso zina majina kwa sababu hiyo hiyo: mwanamke ananunua jina, analivaa, anapita mbele ya anayemkusudia. Lakini angalia jinsi ufundi ule ulivyofanya kazi. Wote walijua mchezo, walijua nani anasema na nani, na walijua kisa chenyewe. Mtu alirushiwa fumbo akijua hasa amekosa nini.

Status yako imeonwa na mamia ya macho. Shoga yako wa shule anadhani ni yake. Jirani anadhani ni yake. Na wifi yako, hata akijua ni yake, hajui ni ya nini. Fikiria hilo kwa utulivu. Hujawahi kumtajia makaratasi ya saa kumi. Yeye ameona leso yenye maneno makali, akakaa usiku akitafuta kosa lake. Labda amedhani umemchoka kwa sababu alikutafutia kazi. Labda amedhani kuna mtu amekutia maneno. Labda amefikia jambo la ndani kabisa, la nyumbani kwake, akadhani umelisikia na unamcheka. Fumbo linafikisha hasira. Haja yako, kwamba upate faili mapema, haikufika kwake hata chembe. Ndipo akajibu, na alichokijibu ni kile alichokidhania.

Basi ukimaliza kusoma hapa, usiweke status nyingine, hata ya kuomba radhi, hata ya aya au dua. Kwa hali mliyonayo, hata "Subhanallah" itasomwa kama kijembe.

La pili, kuna mambo huyajui, na Mwenyezi Mungu ametuambia katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, tujiepushe na dhana nyingi. Unajua faili zinakufikia saa kumi. Je, yeye zinamfikia saa ngapi? Unaijua kazi yenu kuliko mimi: hati hutoka kwa mteja, nyingine kwa wakala wa meli, malipo yanapitia benki, na kila mmoja ana saa yake. Inawezekana anazipata saa tisa na nusu na yeye ndiye anayekimbia ngazi ili akupe wewe. Inawezekana pia anazikalia tangu saa nne asubuhi akipiga soga. Zote mbili zinawezekana, na kwa muda wote huu umeishi kama kwamba moja umeiona kwa macho.

Chukua daftari dogo. Kwa siku tano za kazi, andika kila faili imefika mezani kwako saa ngapi. Usilionyeshe kwa mtu. Kazi ya daftari hili si kumshtaki, ni kukusafisha wewe ulimi. Mtu aliyeudhika husema "kila siku", na mara nyingi ukihesabu unakuta ni Jumanne na Alhamisi. Ukienda kwake ukasema "kila siku", atakukumbusha Jumatano iliyopita alipokuletea saa tano, na hapo mazungumzo yamehama. Mnabishana kuhusu Jumatano.

Wakati daftari linaendelea, anza na salamu. Wiki tatu ni nyingi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wa hao wawili ni yule anayeanza kwa salamu. Hakusema mwenye kosa ndiye aanze. Ukimwona bandani, nenda, simama karibu naye, sema "Salaam aleikum wifi, umeamkaje?" Kisha tazama maji. Akiitikia kwa nusu mdomo, umeitikiwa. Asipoitikia, kesho sema tena kwa sauti ile ile ya kawaida. Usimuulize mbona huitikii. Usizungumzie jambo lenyewe kwenye feri hata akilianza yeye, pale kuna masikio elfu, mwambie, "Wifi, tutakaa tulizungumze vizuri, hapa hapafai."

Mahali panapofaa mnapo karibu, na pana uzuri wake. Mnaposubiri kuvuka jioni mko hatua chache kutoka Mama Ngina. Siku hizi kumetengenezwa, kuna viti vinavyotazama baharini, kuna mihogo ya kukaanga ya ndimu na pilipili, kuna madafu. Nashauri watu wangu wengi waende pale kwa sababu moja ya kitaalamu kabisa: mnakaa ubavu kwa ubavu, mnatazama meli zinazoingia Kilindini, hamtazamani usoni kama watu waliopelekwa kwa chifu. Mikono ina kazi ya mihogo. Ukimya ukiingia hautishi, kwa sababu kuna bahari ya kutazama. Maneno magumu hutoka kwa urahisi zaidi namna hiyo, nimeliona mara nyingi mno kulitilia shaka.

Ujumbe wa kumwita uwe mfupi, wa maandishi, usiwe sauti ya dakika nne. Mwandikie: "Wifi, salaam. Ile picha niliyoweka sikufanya vizuri. Naomba Jumamosi tukitoka kazini tukae nusu saa Mama Ngina, mimi na wewe tu." Basi. Usieleze zaidi.

Mkikaa, la kwanza ni kosa lako, na uliseme lote. "Wifi, ile leso nilikukusudia wewe. Niliona haya kukwambia usoni, nikakwambia mbele ya watu. Niwie radhi." Ukifika hapo nyamaza. Najua neno litakalokuja ulimini: *lakini*. Limeze. Radhi yenye "lakini" nyuma yake huwa si radhi tena, ni mlango wa kuingilia shutuma, na yeye ataliona hilo kabla hujamaliza sentensi. Acha anyamaze, acha aseme, acha hata alie. Usijaze ule ukimya.

La pili ni shukrani. Hapa ndipo ninapodhani palipo na mzizi, na hukuliandika kwa kirefu, umelipitia tu: yeye ndiye aliyekutafutia kazi. Fadhila kama hiyo isiposemwa hugeuka kufuli. Wewe unashindwa kumlalamikia kwa kuogopa asije akakusimbulia. Yeye, kila akikuona unanuna, anajiambia, huyu nimemwokota mimi. Mwambie tu, "Kazi hii nimeipata kwa mkono wako na sijasahau. Ndiyo maana nilishindwa kukwambia." Ukilisema wewe kwanza, kwa hiari yako, masimbulizi yanakosa nguvu. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wameachana kwa fadhila ambayo hakuna aliyewahi kuitaja kwa mdomo.

Ndipo uje kwenye faili, na uje na swali. "Wiki hii faili nne zilinifikia baada ya saa kumi. Jumanne nilitoka saa moja usiku, na mtoto alikuwa kwa jirani. Kwani wewe zinakufikia saa ngapi?" Umesema kilichotokea, umesema kilivyokugusa, umeuliza. Hujasema yeye ni mtu wa namna gani. Jichunge na "wewe daima", "wewe ni mtu wa", na zaidi ya yote jichunge na "watu wanasema". Ukitaja watu, hatasikia tena neno lako, atakuwa anahesabu ni nani.

Sikiliza jibu lake kwa makini, kwa sababu suluhisho limo ndani yake. Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika kuhusu ugomvi mwaka 1925, alisimulia jinsi alivyokuwa katika chumba kidogo cha maktaba ya Harvard na mtu mwingine. Yule alitaka dirisha liwe wazi, yeye alitaka lifungwe. Wangeweza kulifungua nusu, na wote wawili wasiridhike. Walilifungua dirisha la chumba cha pili, ambako hakukuwa na mtu. Mwenziwe alihitaji hewa, si lazima ya dirisha lile. Naye Follett hakutaka tu upepo umpige. Nakwambia kisa hiki kwa sababu nyinyi wawili mnaweza kuishia kugawana saa, yeye alete saa tisa badala ya saa kumi, na kila mtu akaondoka na manung'uniko yake. Labda yeye hungoja faili zote zikamilike ndipo azilete kwa mkupuo, kwa kuwa hapendi kupanda ngazi mara sita. Basi wewe ndiye uende kuzichukua, moja moja, saa tano na saa nane. Labda mteja mmoja tu ndiye anayechelewesha, na mkimpigia simu pamoja mambo yanalainika. Sijui litakuwa lipi, na wewe pia hujui mpaka aseme.

Akipandisha sauti, shusha yako. Akikusimbulia, sema "ni kweli, ulinisaidia," urudi kwenye faili. Mkiona hamfiki, mwambie, "Leo inatosha, tumeanza," mkavuke. Kuvuka pamoja feri moja mkiwa bado hamjakubaliana ni hatua kubwa kuliko unavyodhani.

Mume wako mwambie, tena mapema, lakini mwambie kama mtu anayestahili kujua. Usimtume. Akienda kwa binamu yake na maneno yako, atayafikisha kwa sauti yake na hofu yake, na atarudi na maneno mengine yaliyopungua. Mavyaa wako muache kabisa nje ya hili. Mama wa watu akishaingia, ofisi inakuwa ukoo. Na kama ukijaribu mara mbili wifi akakataa katakata kukaa nawe, tafuta mtu mmoja mwenye kifua ambaye nyote mnamheshimu, shangazi au mwalimu wenu wa chuo, mmoja tu, awakalishe. Wakizidi wawili, tayari ni baraza.

Kuna nusu ya jambo hili ambayo si yako wala ya wifi yako. Ofisi yenu haina saa ya mwisho ya kupokea makaratasi. Watu wanne, entri za siku hiyo hiyo, na hakuna aliyesema mwisho ni saa ngapi. Hata mngekuwa malaika mngegombana. Na ucheleweshaji una bei: siku za bure zikiisha, kontena linalipiwa uhifadhi bandarini, na mwenye meli naye ana lake la kudai, kwa hiyo bosi anao msukumo wa pesa wa kukusikiliza. Mpendekezee utaratibu: hati zikifika baada ya saa tisa ziingie kesho asubuhi, isipokuwa za mzigo ambao siku zake za bure zinaisha. Usitaje jina la mtu. Lakini, nakuomba sana, usiende kwa bosi kabla ya Mama Ngina, na ukienda wifi awe anajua. Akisikia kwa mara ya kwanza mkutanoni atahesabu kuwa amestakiwa, na atakuwa na haki ya kuhisi hivyo. Bora zaidi mwende wote wawili.

Kuhusu sheria nitakwambia kidogo tu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu matusi kwa mwajiri au kwa mtu aliyewekwa juu yako kazini kuwa sababu inayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Kifungu cha 41 nacho kinamlazimu mwajiri akueleze shutuma na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua au mwakilishi wa chama, kabla ya kukuachisha kwa makosa. Uyajue hayo mawili, usiyatishie mtu. Na kama anayesoma hapa shida yake si makaratasi bali ni mkubwa wa kazi anayemshikashika au kumtishia, ushauri wangu wa mihogo na bahari haumhusu. Huyo asiende kukaa naye peke yake popote. Aandike tarehe, amwambie mtu, alipeleke jambo kwa maandishi; sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na utaratibu ulioandikwa kuhusu udhalilishaji wa kijinsia.

Imebaki harusi. Usingoje harusi iwapatanishe, na msipatane huko. Siku ile ina wenyewe. Kama mtakuwa mmeshakaa, omba mpewe kazi moja ya pamoja siku moja kabla, wakati wanawake wanapokaa mkekani kuchagua mchele wa pilau. Kaa karibu naye na sinia lako. Hapatakuwa na haja ya kusema lolote la maana, mtachagua chuya na kusikiliza wakubwa wanavyosimulia. Kama bado hamjakaa, mwombe mwenye shughuli akupangie mapokezi na yeye jikoni, na mkikutana mlangoni salamu iwe ile ile.

Wiki hii una salamu na daftari. Ijumaa, baada ya faili ya mwisho, ndipo umtumie ule ujumbe wa Jumamosi, hata kama bado anakuitikia kwa nusu mdomo.